Polisi wamefika shuleni kumhoji mwanao: haki zako mzazi na mambo ya kufanya saa ya kwanza (Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe tuingie)

Wakili wa Nyanda

Wakuu, salaam kwenu.

Simu ya mwalimu huwa fupi: "Mzazi, fika shuleni, polisi wapo hapa na mwanao." Wengi wakisikia hivyo huchanganyikiwa. Mmoja anakimbilia kituoni kumbe mtoto bado yuko ofisini kwa mkuu wa shule. Mwingine anajibu "mchapeni akome" na kuendelea na biashara zake Mwanjelwa. Jioni maelezo yameshaandikwa, mtoto ameshaweka dole gumba, na kuanzia hapo kazi inakuwa kubwa na ya gharama. Naweka msingi, kisha wa upande wa polisi, ustawi wa jamii na walimu waongezee.

Kabla hujatoka nyumbani uliza jambo moja: mtoto wangu anahojiwa kama shahidi, kama aliyetendewa kosa, au kama mtuhumiwa? Mwalimu akisema hajui, mwombe akupe afande mwenyewe kwenye simu. Msalimie kwa heshima, uliza jina lake, cheo, kituo anachotoka na kosa linalochunguzwa. Andika yote pamoja na saa uliyopigiwa. Saa hiyo ina kazi, mtaona mbele.

Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18. Kidato cha sita mwenye ndevu na miaka 17 ni mtoto. Kanuni ya Adhabu nayo inasema aliye chini ya miaka 10 hawezi kuwa na hatia ya jinai kwa lolote alilofanya. Mwenye miaka 10 lakini hajafika 12 hahesabiwi kuwa na hatia mpaka ithibitishwe kwamba alikuwa na uwezo wa kujua kuwa jambo lile halifai. Kwa hiyo mtoto wa darasa la tatu mwenye miaka 9 "aliyeiba" daftari la mahudhurio hana kesi ya kujibu. Anaweza kuulizwa ili ijulikane kilichotokea, basi.

Akiwa mtuhumiwa aliyezuiliwa, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamtaka polisi kumjulisha mzazi au mlezi mapema kadiri inavyowezekana kwamba mtoto amezuiliwa, na kwa kosa gani. Kuzuiliwa hakusubiri pingu. Afande akishamwambia mtoto "kaa hapo, hutoki mpaka tumalize", ameshazuiliwa, hata kama kiti ni cha ofisi ya mwalimu wa nidhamu. Tangu hapo ana haki ya kuelezwa kosa lake kwa lugha anayoielewa vizuri, ya kuambiwa kwamba halazimiki kujibu maswali na kwamba atakachosema kinaweza kutumika kama ushahidi, na ya kuwasiliana na ndugu au wakili.

Akiwa shahidi tu, kinga hizo hazina uzito uleule. Polisi wanaruhusiwa kuchukua maelezo ya shahidi wakiwa kwenye upelelezi. Ila hakuna kinachokuzuia kuomba ukae naye, na afande mwelewa hatakataa. Uwe macho na kitu kimoja: mtoto anaanza kama shahidi saa 4 asubuhi, kufika saa 6 maswali yamegeuka kuwa "wewe ulichukua shilingi ngapi?" Yakigeuka hivyo, mwombe afande asimame, aseme wazi kwamba sasa ni mtuhumiwa, na atoe onyo la kisheria kabla ya kuendelea.

---

Mama wa Isyesye

Ndaga fijo wakili. Mkuu wa shule ana mamlaka ya kuwakatalia polisi wasimwone mtoto mpaka mzazi afike? Na shule za bweni inakuwaje? Wazazi wengi wako Makete au Ludewa, mtoto anasoma Mbeya mjini.

---

Chaki na Ubao

Nijibu upande wa shule.

Mkuu wa shule hawezi kuzuia ukamataji halali. Akisimama mlangoni na kuwazuia askari kwa nguvu anajiingiza kwenye kosa la kumzuia ofisa kufanya kazi yake. Lakini kati ya kuzuia na kumtoa mtoto kama daftari kuna nafasi kubwa, na hapo ndipo walimu wengi tunawaangusha wazazi.

Askari akifika, hasa aliyevaa kiraia, aombwe kitambulisho. Jina, namba, kituo na saa viingie kwenye kitabu cha wageni. Aulizwe amekuja kuhoji au kukamata. Halafu mzazi apigiwe simu hapohapo, mtoto akiwa bado darasani, na mkuu amwombe afande asubiri. Mtoto asiitwe mstarini mbele ya wenzake. Atumwe mwalimu mmoja amwite kimya, akae chumba chenye faragha, sio ofisi ya walimu ambako kila mtu anapita na vitabu. Afisa elimu kata naye ajulishwe.

Mtoto akichukuliwa, shule iandike amechukuliwa na nani, kwenda kituo gani, saa ngapi, akiwa na vitu gani, kisha mwalimu aongozane naye. Msichana aongozane na mwalimu wa kike. Nasisitiza hili kwa sababu kumbukumbu za shule ndizo zinazoonyesha kama mtoto alifika kituoni na alama za fimbo au bila.

Kwenye bweni, mkuu, matroni au patroni ndiye mlezi wa muda mzazi akiwa mbali. Tatizo linakuja pale shule yenyewe ndiyo inayolalamika. Kompyuta za shule zimeibiwa, bweni limechomwa, mwalimu ametukanwa. Hapo mwalimu hawezi kulalamika na papo hapo akakaa kama mtu wa upande wa mtoto. Wazazi, mkiona hivyo kataeni kwa adabu, kwa maandishi hata ya ujumbe wa simu: "Mwalimu, naomba uongozi wa shule usikae na mtoto kwa niaba yangu kwenye mahojiano, shangazi yake yuko Uyole anakuja." Mkimpeleka mtoto bweni, acheni shuleni jina na namba ya ndugu aliye karibu, na ndugu huyo mumweleze mapema.

---

Dawati Mstaafu

Nimesoma yote, mko sahihi. Naongeza kuhusu maelezo, maana kesi nyingi za watoto huamuliwa na karatasi ile.

Muda wa msingi wa kumhoji mtu aliyezuiliwa ni masaa 4. Unaweza kuongezwa kwa masaa yasiyozidi 8, na zaidi ya hapo ni mpaka hakimu. Wapelelezi wengine humwambia mzazi kwenye simu "hatuwezi kukusubiri, muda unatuishia". Mjue hili: muda wa kumsafirisha mtu kwenda kituoni hauhesabiwi, na muda wa kumsubiri mtu anayepaswa kuwepo kwenye mahojiano hauhesabiwi pia. Mwambie afande hivyo kwa upole, umwambie uko wapi na utafika saa ngapi. Ndiyo maana wakili amesema andika saa.

Maelezo ya mtuhumiwa huitwa maelezo ya onyo. Mwanzoni pawe na onyo lenyewe, jina na cheo cha anayeandika, mahali, tarehe, saa ya kuanza, na mwishoni saa ya kumaliza. Yakishaandikwa, mtoto ayasome mwenyewe. Asiyesoma vizuri asomewe neno kwa neno, aulizwe kama kuna la kurekebisha, na rekebisho liandikwe. Mzazi soma pia, kwa utulivu, hata kama afande anatazama saa. Makosa ninayowataka muyatafute:

Umri. Kijana wa miaka 16 anaandikwa "miaka 18" kwa sababu ni mrefu. Njoo na cheti cha kuzaliwa, na kama huna, kadi ya kliniki. Picha yake kwenye simu inatosha kwa kuanzia.

Lugha. Mtoto amesema "nilimwona Fulani ameshika begi", karatasini imekuwa "nilishirikiana na Fulani kuchukua begi". Hata mtoto anayeongea Kiswahili vizuri hajui uzito wa neno kushirikiana. Anayejieleza vizuri zaidi kwa Kinyakyusa au Kihehe, omba mkalimani, na jina la mkalimani liandikwe.

Nafasi tupu. Sehemu iliyobaki wazi chini ya ukurasa ipigwe mstari kabla ya sahihi. Sahihi iwekwe kila ukurasa.

Mtoto asipoafiki kilichoandikwa, asiweke sahihi wala dole. Hakuna kosa la kukataa kusaini.

Upekuzi: msichana hupekuliwa na mwanamke, kwa staha, pasipo na wanaume. Simu au begi likichukuliwa, omba hati ya kukamata mali yenye orodha ya vitu na sahihi za mashahidi. Bila hati hiyo, miezi miwili baadaye utaambiwa simu haikuwahi kuletwa.

Kuhusu fimbo, polisi hana mamlaka ya kumchapa mtoto, shuleni wala kituoni. Kanuni za adhabu ya viboko shuleni zinamhusu mkuu wa shule au mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi. Viboko havizidi 4, na lazima viandikwe kwenye kitabu. Hazisemi popote kwamba viboko ni njia ya kutafuta ukweli. Mtoto akichapwa "aseme", hayo maelezo si ya hiari na wakili ana sababu nzito ya kuyapinga mahakamani.

---

Kihesa Juu

Kamwene wakuu. Swali la sisi wa milimani. Kuna vijiji vya Kilolo na Mufindi mtandao unashika ukipanda juu tu. Mzazi hapatikani kutwa nzima. Nani anaweza kukaa na mtoto? Na mzazi akifika, akae akijibu maswali au akae kimya?

---

Wakili wa Nyanda

Anaweza kukaa ndugu mtu mzima: babu, mjomba, shangazi, kaka mkubwa. Akikosekana kabisa, afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Mwenyekiti wa kijiji au mtendaji sio chaguo langu, maana mara nyingi ndiye aliyepokea malalamiko na pengine ndiye aliyeita polisi.

Mzazi ndani ya chumba: kaa pembeni ya mtoto, sio mbele yake. Usimjibie. Ukimjibia, afande atasema maelezo ni ya mzazi, na wewe mwenyewe unaweza kugeuzwa shahidi wa yale uliyoyasema. Kazi yako ni kusimamisha mambo pale swali halieleweki, pale mtoto amechoka au ana njaa, pale anatishwa, na pale anahitaji kwenda haja. Dakika 5 za kuongea naye kabla ya mahojiano ziombe, na uzitumie kumwuliza kama amekula, kama amepigwa, na kama anajua kwa nini yuko pale.

Kuna sentensi moja ya wazazi inayoharibu kuliko zote: "Sema tu ukweli mwanangu, afande atakusamehe." Afande hana uwezo wa kusamehe kosa la jinai, na mtoto akisikia ahadi ya msamaha kutoka kwa baba yake atakubali hata asilolifanya ili arudi nyumbani. Usimpige wala usimtishe mbele ya polisi ili uonekane mzazi mkali. Mtoto anayemwogopa baba kuliko askari hataeleza chochote cha maana.

---

Ustawi Nyanda

Naomba niweke jambo ambalo uzi umeliruka. Kuna wakati mzazi hapaswi kuwa ndani ya chumba kile, na ni sahihi kabisa.

Mtoto aliyefanyiwa ukatili na mtu wa nyumbani, iwe baba, baba wa kambo, mjomba au kaka, hawezi kuongea mbele ya mtu huyo wala mbele ya anayemtetea. Hapo polisi wanapaswa kutumia Dawati la Jinsia na Watoto, na afisa ustawi ndiye anayesimama upande wa mtoto. Mama akiambiwa asubiri nje asichukulie amenyimwa haki. Aulize jambo moja: "Afisa ustawi yupo ndani?" Kama hayupo, aombe aitwe.

Katika kesi za kubakwa au kulawitiwa, hospitali haisubiri maelezo yakamilike. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zianze mapema iwezekanavyo na zisipite masaa 72 tangu tukio. Mtoto asiogeshwe kabla ya kupimwa, na nguo alizovaa ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi au zifungwe kwenye kitambaa kikavu, sio mfuko wa plastiki, maana zikipata unyevunyevu ushahidi unaharibika. Fomu ya PF3, ile ya polisi ya kwenda nayo hospitali, haiuzwi. Mtoto asihojiwe mara tano na watu watano: mwalimu wa darasa, mwalimu wa malezi, mtendaji, askari wa zamu, mpelelezi. Kila kurudia kunamuumiza, na tofauti ndogo kati ya maelezo ndizo atakazobanwa nazo mahakamani. Mwalimu aliyeambiwa kwanza aandike maneno ya mtoto kama alivyoyasema, aishie hapo.

Msichana aliyepata mimba akiwa shuleni: kupata mimba si kosa la jinai. Mtuhumiwa ni aliyempa mimba, na Sheria ya Elimu imeweka adhabu ya miaka 30 jela kwake. Msichana ni shahidi. Hakuna msingi wa kumweka mahabusu "mpaka amtaje". Na tangu Novemba 2021 serikali iliruhusu warudi shule baada ya kujifungua, kwa hiyo barua ya kumfukuza isiunganishwe na mahojiano ya polisi.

Namba ya simu kwa watoto ni 116, bure. Mtoto mwenyewe anaweza kuipiga, jirani au mwalimu pia.

---

Mkulima wa Mufindi

Naona mnawafundisha watoto wahalifu kukwepa. Kijana anavunja duka Mafinga, kesho mnadai haki za mtoto. Aliyeibiwa naye ana haki.

---

Dawati Mstaafu

Mkulima, aliyeibiwa ana haki kubwa, na njia nzuri ya kuipoteza ni upelelezi uliofanywa ovyo. Kesi ya mtoto ikianguka mahakamani, mara nyingi huanguka kwa sababu maelezo yalichukuliwa akiwa peke yake, au umri haukuthibitishwa, au mali ilichukuliwa bila hati. Duka lilivunjwa kweli, kijana alivunja kweli, na mwenye duka anarudi nyumbani mikono mitupu. Mzazi akiwepo na utaratibu ukifuatwa, mlalamikaji ndiye wa kwanza kufaidika.

---

Mama wa Isyesye

Na wakimpeleka kituoni jioni ya Ijumaa? Hapo ndipo tunalizwa. Mtu anaambiwa Jumatatu, au "toa ya maji".

---

Wakili wa Nyanda

Mama, Ijumaa ndiyo siku ya kuwahi kuliko zote.

Sheria ya Mtoto inamtaka mkuu wa kituo, pale mtoto anaposhindwa kufikishwa mahakamani mara moja, amwachie kwa dhamana ya mzazi, mlezi au ndugu. Vizuizi ni vitatu: kosa ni la mauaji au adhabu yake inazidi miaka 7, au ni kwa faida ya mtoto atengwe na wahalifu, au kuachiwa kwake kutaharibu haki kutendeka. Ndiyo maana jina la kosa ni la kuulizia. Wizi wa kawaida hauzidi miaka 7. Likiandikwa "kuvunja na kuiba", adhabu inapanda na dhamana ya kituoni inakuwa ngumu. Mtoto aliyechukua simu iliyoachwa juu ya dawati hajavunja kitu. Mwulize mkuu wa kituo, kwa heshima, kosa limeandikwaje kwenye shajara, yaani kitabu cha kumbukumbu za kituo.

Dhamana ni bure. Akiombwa mtu pesa, TAKUKURU wanapokea simu 113. Njoo na kitambulisho chako, barua ya mtendaji au mwenyekiti wa mtaa, na cheti cha mtoto. Ukiambiwa "lipeni simu yaishe", usilipe mezani bila maandishi yanayotaja nani amelipa nani, kiasi gani, na kwamba kulipa si kukiri kosa. Wapo waliolipa Ijumaa, Jumatatu risiti yao ikasomwa kama ushahidi wa hatia.

Asipoachiwa, asichanganywe na watu wazima. Uliza amewekwa chumba gani na ukaombe kumwona. Kwa kosa lisilo la kunyongwa, mtu aliyekamatwa bila hati hufikishwa mahakamani ndani ya masaa 24 kama hajaachiwa. Kesi yake inasikilizwa na Mahakama ya Watoto, sio mahakama ya wazi, afisa ustawi akiwepo. Mbeya kuna makao ya mahabusu ya watoto, na Shule ya Maadilisho Irambo iko Mbeya hiyohiyo. Mtoto hafungwi jela. Kwa mzazi wa Ludewa au Kilolo, mtoto kupelekwa Mbeya maana yake ni nauli na siku za kazi, kwa hiyo pigania dhamana akiwa bado kituo cha karibu.

Jambo la vifungu. Msiende kituoni na karatasi ya zamani yenye namba za vifungu. Toleo la Sheria la 2023 limeanza kutumika Julai 2025 na baadhi ya vifungu vimepewa namba mpya. Ukitaja namba isiyo sahihi utachekwa na hoja yako itapotea. Taja maneno: "sheria inataka mzazi ajulishwe", "mtoto apewe dhamana ya mzazi". Hayo kila afande anayajua.

---

Kihesa Juu

La mwisho kwangu. Nimechelewa kufika, mtoto ameshasaini, ameshaachiwa, analia tu. Naanzia wapi?

---

Wakili wa Nyanda

Anza na mwili. Kama ana alama, hospitali siku hiyohiyo, sio kesho. Daktari aandike. Piga picha zenye mwanga wa kutosha, moja ya karibu na moja inayoonyesha sura yake.

Usiku huohuo mkae mkiwa wawili na umwombe aeleze mwanzo mpaka mwisho, wewe ukiandika bila kumkatiza: nani aliuliza, nani alikuwepo, saa ngapi aliitwa, alikula saa ngapi, alisomewa karatasi au hakusomewa, aliahidiwa nini. Tarehe na sahihi yako chini. Kumbukumbu ya mtoto inachanganyika haraka akishaanza kuulizwa na majirani.

Asubuhi nenda shuleni, omba nakala au picha ya ukurasa wa kitabu cha wageni. Kisha kituoni: uliza namba ya jalada na jina la mpelelezi. Andika barua kwa OCD (mkuu wa polisi wa wilaya), nakala kwa RPC (kamanda wa polisi wa mkoa), ukurasa mmoja, isiyo na matusi: mtoto wa umri huu, tarehe hii, alihojiwa bila mzazi kujulishwa, naomba maelezo yachukuliwe upya nikiwepo. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Ikikaliwa kimya, nakala hiyo ndiyo unayoipeleka Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora.

Kama huna uwezo wa wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inakuhusu. Ofisi ya ustawi ya halmashauri itakuelekeza kwa watoa msaada waliosajiliwa. Msaidizi wa kisheria wa kata atakusaidia kuandika barua na kukuongoza, ila hasimami mahakamani kumtetea mtu, hiyo ni kazi ya wakili. Na maelezo yaliyosainiwa hayajafunga kesi. Yanapingwa pale upande wa mashtaka unapoomba yapokelewe kama kielelezo. Mwambie wakili wako kabla ya siku hiyo, umpe yale uliyoandika usiku ule na cheti cha hospitali, kwa sababu yakishapokelewa bila pingamizi ni vigumu kuyarudia.